Glasi ya Wifi

Mvua ile ilikuwa ya kubipu tu, inaita na kukata, lakini Fundi Miwani alikuwa amesimama chini yake kituoni kwa nusu saa nzima bila mwavuli. Kipimo aliposhuka garini saa sita na robo mchana, alimkuta amelowa mabega yote mawili, anatabasamu kama mtu aliyekuja kupokea mzigo wake kutoka ng'ambo.

Kipimo alimgombeza hata kabla ya salamu. Alimuuliza kama ameisahau damu yake mwenyewe, kama hajui kwamba baridi na kulowa ndivyo vinavyomwangusha. Fundi akasema damu yake leo ina shughuli nyingine, imepewa likizo ya kuumwa. Akamshika mkono wakaanza kutembea, na kila hatua tano alikuwa anageuka kumtazama, utadhani anahofia akigeuka atakuta mkono mtupu.

Jina la Kipimo alilipata jikoni. Alikuwa mpishi wa hospitali, upande wa wagonjwa wanaokula kwa masharti, na wenzake walimcheka kwa sababu hata chumvi ya chungu kikubwa aliipima kwa kijiko cha chai, akakisawazisha kwa ncha ya kisu. Miezi minane iliyopita miwani yake ilitumbukia kwenye sufuria ya mchuzi ikatoka imepinda. Ndipo alipoingia kwenye kile kiduka chembamba chenye mashine ya kusaga vioo, na kijana aliyekuwa nyuma ya meza akamwinua kidevu kwa vidole viwili ili aipime fremu mpya. Alimtazama machoni muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kipimo naye alimtazama, na akaona kile ambacho wengine wasingekiona: weupe wa macho ya yule kijana ulikuwa na umanjano kwa mbali, kama karatasi iliyokaa dirishani. Akautambua. Wagonjwa wa namna ile aliwapikia kila siku.

"Unakunywa maji ya kutosha?" alimuuliza.

Fundi alicheka mpaka akaiweka fremu mezani. Akasema wanawake wengine humuuliza kama anakunywa bia.

Tangu siku ile hawakuachana. Fundi alimweleza kila kitu bila kuzunguka: kwamba alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa kurithi ambao chembe za damu hugeuka zikawa kama mundu, zikang'ang'ania kwenye mishipa na kuziba njia, kwamba dada yake mkubwa alikuwa nao pia, na dada hakuwapo tena duniani, mwaka wa sita sasa. Kitu kimoja tu hakumweleza, nacho kilikuwa kinamngoja nyumbani.

Kipimo naye alikuwa na chake. Ndani ya mkoba wake, kati ya leso na funguo, kulikuwa na karatasi aliyopewa maabara siku tatu zilizopita. Alikwenda kupima mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Karatasi ilisema anabeba nusu. Yeye asingeumwa maisha yake yote, lakini akizaa na mwanamume mwenye ugonjwa kamili, kila mimba ingekuwa sawa na kurusha sarafu juu. Alikuwa amekusudia kusema njiani. Lakini kila Fundi alipogeuka na lile tabasamu, maneno yalirudi tumboni.

Nyumba ilikuwa mwisho wa kichochoro, ndogo, kuta zake safi. Mlangoni kulikuwa na jozi tatu za kandambili. Mbili zilikuwa zimechakaa. Ya tatu ilikuwa ya kike, ya manjano, kavu ingawa nje kulikuwa na mvua, na ilielekezwa ndani, kana kwamba mwenyewe ameivua sasa hivi akaingia. Kipimo alidhani wamekuta mgeni. Akauweka sawa ukaya wake, ule mtandio wa kichwani, akapiga hodi.

Mama mtu alifungua. Alikuwa mwembamba, mshonaji wa sare aliyestaafu, sindano mbili zikiwa bado zimechomwa kwenye ukosi wa gauni lake kwa mazoea. Alipokea shikamoo, akaupokea na mkono, lakini hakuuachia. Aliubinya ukucha wa kidole gumba cha Kipimo, akautazama ukipauka na kurudi kuwa mwekundu. Kisha akanyoosha kidole akamvuta ukope wa chini, taratibu, kama afanyavyo daktari.

"Damu unayo," akasema, kwa sauti ileile ambayo angesema kitambaa fulani hakichuji.

Ndani kulikuwa na joto la kukaba. Madirisha yote yalifungwa, na kwenye nyufa kulisokomezwa vitambaa vya sare, bluu, kijani, hudhurungi. Palinukia tangawizi. Mama alimwambia mwanawe akabadilishe shati. Fundi akajibu limeshakauka, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa jikoni. Kipimo alijua sababu: hakutaka kuwaacha wanawake wale wawili peke yao hata kwa dakika moja. Ilimgusa, na ilimkera.

Jikoni ukutani palibandikwa karatasi ndefu iliyoandikwa kwa mkono, wino umefifia. Mboga za majani kila siku. Maharage, choroko, dengu. Samaki wa mafuta mara tatu kwa wiki. Machungwa, mapera, bitiruti. Karanga kiganja kimoja. Chini kabisa, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari mara nne: MAJI.

Hapo Kipimo alipata ahueni, maana hiyo ilikuwa lugha yake. Akafunga kanga kiunoni, akaomba kisu. Wakawa wanapika na kuzungumza. Mama alimuuliza kwa nini mboga anaziingiza chunguni mwisho, naye akaeleza kwamba zikichemka sana vile virutubisho vinavyosaidia mwili kutengeneza damu mpya huharibika kwa moto, na mtu wa selimundu damu yake hufa haraka, kwa hiyo mwili wake haupumziki kutengeneza nyingine. Mama akauliza kuhusu bitiruti na kitunguu saumu. Kipimo akasema wapo wanaoamini vinalegeza mishipa damu ikapita vizuri, na mezani havina ubaya, ila yeye hajawahi kumwambia mgonjwa aache dawa zake kwa ajili ya bitiruti. Chakula hakiigeuzi damu. Kinaisindikiza tu.

"Kinaisindikiza," mama akarudia, akalionja neno hilo. Ilionekana limemkaa.

Kipimo akaanza kufikiri kwamba labda mambo yatakwenda vizuri. Aliinua chungu cha maharage akageuka kukipeleka mezani.

"Sogea kidogo," mama akamwambia kwa upole. "Mwenzio apite."

Kipimo akasogea. Alibana mgongo ukutani, chungu mkononi, akaacha nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Ndipo akili ilipomrudia kwamba jikoni wako wawili tu. Mama alikuwa ameshaendelea kukata machungwa. Lakini shingoni, pale kola ilipoishia, Kipimo alihisi ubaridi umepita, ubaridi ndani ya nyumba ambayo haikuwa na hata upenyo wa kupitisha uzi.

Mezani zilipangwa sahani nne.

Mama alipakua mwenyewe. Alimpakulia mwanawe, akampakulia mgeni, akajipakulia. Kisha akaivuta sahani ya nne, akaijaza kwa uangalifu kuliko zote: wali kidogo, mboga nyingi, kipande cha samaki alichokitoa miiba mwenyewe mmoja mmoja. Pembeni akaweka glasi ya maji, imejaa mpaka mdomoni. Kiti mbele yake kilikuwa kitupu, na kilikuwa kimesogezwa nyuma kidogo, kama kwa mtu aliyekikalia.

Kipimo alimtazama Fundi. Fundi alikuwa anaangalia wali wake. Chini ya meza alimkanyaga mguu, polepole, kumwomba asiulize.

Lakini mama alishaliona swali usoni.

"Huyo ni wifi yako," alisema. "Anapenda watu wanaokula, kwa hiyo kula."

Wakala. Kipimo alikuwa amekula na wagonjwa, amekula na wafiwa, lakini hakuwahi kula huku mtu asiyekuwepo akipewa chumvi. Mama alimzungumzia yule binti kwa wakati uliopo. Anapenda hiki, hataki kile. Alisema alipokuwa mzima alikuwa mbishi wa maji, ungembembeleza mchana kutwa, na sasa anakunywa bila kuambiwa.

Mama akainuka kwenda kuleta mapera. Kipimo akageuza macho kwenye ile glasi. Ilikuwa nusu.

Hakuwa ameona mkono. Akakisogeza kiti chake nyuma.

"Ni mimi," Fundi akanong'ona haraka. "Usiogope. Nakunywa mimi, akigeuka."

Akamweleza kwa pumzi moja. Baada ya mazishi mama yake alianza kuandaa ile sahani, na wiki ya kwanza glasi ilipobaki imejaa, alikaa mbele yake akilia mpaka jioni. Fundi hakustahimili. Siku iliyofuata akainywa. Mama alipoikuta tupu alilala usingizi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Basi tangu hapo ameinywa, asubuhi, mchana, jioni, miaka sita, na chakula chake pia anakipunguza. Alisema yeye binafsi maji hayapendi, lakini yale ya dada hakuweza kuyaacha.

Kipimo alimtazama mwanamume yule mwenye macho ya manjano na akahisi anampenda mpaka kifua kinauma. Lakini akili yake ilizoea kupima, na kuna kitu hakikulingana.

"Mwaka jana ulilazwa wiki mbili," alisema. "Ulikuwa hospitali. Nani alikunywa?"

Fundi akasema mama alimwambia kwamba glasi iliisha kila siku. Hakuwahi kumuuliza zaidi.

Mama alirudi na mapera yaliyokatwa, akayaweka katikati ya meza, akakaa. Alitazama glasi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akainamisha sikio kidogo kuelekea kile kiti kitupu, kama mtu anayeambiwa jambo mbele za watu.

"Wifi yako anauliza," akasema, "hicho ulichokuja nacho utakitoa lini?"

Kijiko kilimponyoka Kipimo kikagonga sahani. Mkoba wake ulikuwa sebuleni, umefungwa, juu ya kochi. Hakuna aliyeugusa, alikuwa na hakika.

Fundi aliuliza ni kitu gani. Mama hakumjibu. Macho yake yalikuwa kwa Kipimo, hayana ukali, yanangoja tu, na Kipimo akaona hakuna njia ya kupita pembeni. Akaenda sebuleni, akarudi na karatasi, akaiweka mbele ya Fundi. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Nilipima. Nina nusu. Nilitaka kukwambia njiani nikashindwa."

Fundi aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu wa kusoma herufi ndogo kwa kazi yake, lakini hii ilimchukua muda. Kipimo alisimama pale akingoja uso wake ukunjamane. Haukukunjamana. Alinyoosha mkono akamshika vidole.

"Sitaweka sahani ya tano," mama akasema.

Alisema bila kupandisha sauti. Akaendelea, maneno yakitoka yamekatwa sawasawa kama kitambaa. Alisema hana ugomvi na binti huyu, anajua kupika, ana adabu, na angekuwa na damu nyingine angemshonea gauni kwa mikono yake. Lakini amezika mmoja, na wa pili anamlinda kwa vitambaa vya madirishani. Mjukuu hatamzika. Kwa hiyo binti amalize chakula chake, aende kwa amani, asirudi.

Fundi akainuka. Kipimo alimwona anashika ukingo wa meza, akadhani ni hasira.

"Mama," alisema, "miaka sita nimekaa kwenye meza hii na mtu aliyeondoka. Huyu yupo. Naomba na mimi nikae na mtu aliyepo. Kama ni watoto, hilo tutalizungumza sisi wawili na wataalamu, na tukiona hapana, basi..."

Hakumaliza. Mkono wake uliondoka mezani ukaenda kifuani. Akakaa kwa kishindo, midomo imepoteza rangi, na pumzi ikaanza kumjia kwa vipande. Kipimo alipomgusa mgongoni aligundua shati lile, ambalo mwenyewe alisema limekauka, bado lilikuwa bichi na la baridi kote kwenye mabega.

Mama hakumkimbilia mwanawe. Alikuwa amekigeukia kile kiti kitupu, mikono yake imeinuliwa mbele yake kama mtu anayezuia mlango.

"Siyo leo," alikiambia kiti. "Bado, mwanangu. Mwache kwanza. Najua upo peke yako, lakini mwache."

Damu ya Kipimo iliganda, lakini mikono yake haikuganda. Alimvua Fundi shati, akamfunga blanketi, akatafuta dawa zake za maumivu kwenye kopo zilipokuwa, akampa kama zilivyoandikwa, na maji kwa mikupuo midogo. Alipoona anashika ubavu kila akivuta pumzi, alijua hili si la kungoja nyumbani. Akapiga simu ya teksi. Kisha akamgeukia mama, akamshika mabega yote mawili akamtoa kwenye kile kiti kwa nguvu.

"Mama, nitazame mimi. Vaa viatu, tunaondoka."

Mama akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Akaenda kuvaa viatu.

Njiani Fundi alilaza kichwa mapajani kwa Kipimo. Hakulalamika. Kila teksi ilipoingia shimoni alimbana mkono, na Kipimo akawa anahesabu pumzi zake kimoyomoyo. Katikati ya njia alifumbua macho akamwangalia kwa chini, macho ya manjano yaliyojaa maji, akajaribu kusema kitu kuhusu miwani ya Kipimo, kwamba imekaa upande. Kipimo alimwambia anyamaze. Hakuisawazisha. Hakutaka kumwachia mkono.

Hospitali walimpokea wakamwingiza ndani na mashine ya hewa. Kipimo aliwajua wauguzi wale, aliwapikia hata wao, lakini siku hiyo alikuwa ndugu wa mgonjwa kama wengine, na ndugu wa mgonjwa hungoja kwenye benchi. Akakaa mwisho mmoja. Mama akakaa mwisho wa pili. Katikati ya benchi palibaki nafasi ya mtu mmoja, na Kipimo alijikuta haitazami.

Saa moja ilipita hivyo. Mama ndiye aliyeanza.

"Kulikuwa na harusi ya rafiki yake," alisema. "Nikamshonea gauni. Nililishona vizuri mno. Vifungo thelathini mgongoni, vidogo, kila kimoja nimekivalisha kitambaa. Kulifungua ni kazi ya watu wawili. Basi akaona akinywa maji atataka kwenda msalani, na msalani gauni litamshinda. Akakaa na kiu kutwa nzima, juani, anacheza. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Walimleta hapa hapa wakiwa wameyakata yale mavazi kwa mkasi."

Kipimo akasema analolijua. Alimwambia amewaona wanaokunywa maji kwa saa, wanaokula kila kilicho kwenye orodha, na bado huanguka. Ugonjwa huu hauna haki. Gauni halikumwua. Mama alisikiliza. Haikuonekana kama alikubali, lakini pia hakukataa.

"Najua ni mdogo wake anayekunywa," mama akasema.

Kipimo aligeuka.

"Mwezi wa kwanza tu nilijua. Niliona ndevu zake zina maji. Nikanyamaza. Yule maji hapendi, amemfuata dada yake. Ukimpa yake anaonja anaacha. Lakini ya dada yake anamaliza yote, asubuhi mchana na jioni. Nikasema basi, kama ndiyo njia, acha marehemu amnyweshe mdogo wake. Zile glasi tatu ndizo zilizomfikisha leo."

Kipimo alifunga macho. Miaka sita watu wawili kwenye meza moja, kila mmoja akimdanganya mwenzake kwa mapenzi. Alitaka kucheka na kulia. Kisha akakumbuka.

"Na zile wiki mbili alizolazwa, mama? Ulimwambia maji yaliisha kila siku. Ulikunywa wewe?"

Mama alitazama ile nafasi kati yao kwenye benchi. Alitazama kwa muda, bila hofu.

"Zile wiki mbili," alisema taratibu, "sikunywa mimi."

Muuguzi alipita akisukuma kitanda kitupu, gurudumu moja linalia. Kipimo aliuvuta ukaya wake begani.

Baadaye mama alimwambia kwamba yeye na marehemu mumewe hakuna aliyewaambia chochote. Walipendana kwa macho, wakaoana, hawakujua kuna karatasi. Wewe umeambiwa, alisema, ukaja ukasema mezani kwa watu, ingawa ulitetemeka. Kipimo akakiri kwamba angeweza asiseme. Akasema pia kwamba kuhusu watoto hana jibu leo, watakwenda kwa mshauri, na ikiwa itabidi walee mtoto waliyempata kwa njia nyingine, watamlea huyo. Akasema hatamficha mama neno.

Mama aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amechomoa sindano moja kwenye ukosi wake anaizungusha vidoleni.

"Hayo ya watoto nimeyasikia. Nakuuliza la yeye mwenyewe. Watu wa damu hii hatujui tunao mpaka lini. Siku akikutoka, ukabaki na nyumba na sufuria zako, utaweza kukaa bila kumwekea sahani?"

Kipimo angeweza kusema jambo tamu. Lilimjia mdomoni akalirudisha.

"Nitalia, mama. Nitalia sana. Lakini sahani sitaweka."

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, na tabasamu lilikuwa lilelile la Fundi kituoni, limezeeka tu.

"Na mimi nilisema hivyo," akasema.

Mlango wa wodi ulifunguka. Muuguzi akatoa kichwa, akasema mgonjwa amepata nafuu, hewa inaingia, anaweza kuonana na ndugu mmoja, mmoja tu. Kipimo akavuta miguu nyuma kumpisha mama. Mama hakuinuka. Aliichoma sindano yake mahali pake, akaweka mikono mapajani.

"Nenda," alisema. "Mtu akizinduka huwa anamtafuta mkewe."

Kipimo alitembea kwenye korido ile ambayo aliipita kila siku na toroli la chakula, na leo ilikuwa ndefu. Fundi alilala ameinuliwa kwenye mito, kifuniko cha hewa usoni, macho yamefumbuka. Alimwona. Akanyanyua mkono wenye mpira wa dripu, akamsawazishia miwani iliyokuwa imekaa upande tangu kwenye teksi. Kisha akasogeza kile kifuniko kidogo.

"Mama amesemaje?" aliuliza.

Kipimo akavuta kiti, akakaa, akaushika ule mkono kabla haujashuka.

"Amesema niingie," akamjibu.